Fumbo Unaloweza Kulifumbua: Namna ya Kuitawala Kejeli katika Maneno ya Mkristo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kwaya, na kwa miaka hiyo hiyo nilikuwa na sifa ya kuchekesha watu. Mazoezi yetu yalianza saa kumi jioni kila Jumamosi, na mwimbaji mmoja wa besi alikuwa na kawaida ya kuingia saa kumi na moja kasoro, amelowa jasho, akitafuta kiti cha nyuma bila kumtazama mtu. Jumamosi moja nilisema, "Jamani tusimame, mgeni rasmi amefika." Kwaya nzima ikacheka, naye akacheka. Jumamosi iliyofuata niliomba apigiwe makofi ya kilo, akapigiwa. Ya tatu hakuja, wala ya nne. Mwenyekiti aliponisukuma nimfuate nyumbani, nilikuta kwamba zamu yake ya ulinzi ilikuwa inaisha saa kumi kamili, na mwenzake wa kumpokea ndiye aliyekuwa mchelewaji. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa upole, "Katibu, ulitaka niseme nini pale mbele ya watu?"

Swali lile ndilo lililozaa mwongozo huu. Ninauandika kwa ajili ya mtu aliyejaliwa ulimi mwepesi, anayempenda Bwana, na ambaye hajui la kufanya na ulimi huo. Sitasema kwamba kejeli ni dhambi wakati wote, kwa sababu Biblia yenyewe haitaniruhusu kusema hivyo. Nitasema tu kwamba nyingi ya kejeli zetu zinajificha nyuma ya manabii wasiohusika nazo.

Kwanza, ipe jina lake

Kiswahili hakikutunyima maneno. Tuna mzaha, utani, dhihaka, kejeli, kebehi, fumbo, kijembe na mpasho, na mtu anayeyachanganya yote kwa kusema "nilikuwa nachekesha tu" anajifanyia hila. Kejeli ninayoizungumzia hapa ni ile ya kumsifu au kumheshimu mtu kwa maneno ambayo kila anayesikia anajua ni lawama: mchelewaji anaitwa mgeni rasmi, mchoyo anaitwa mfadhili wetu, aliyeshindwa mtihani anaitwa profesa. Kijembe ni ndugu yake, ila chenyewe hakimtaji mtu, hurushwa hewani, na aliyekirusha hubaki na njia ya kukwepa, "Mimi sijamtaja mtu. Aliyewashwa ajikune."

Utani ni jambo jingine kabisa, na ni vema usitupwe pamoja na hayo. Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali katika karne ya 19, ni watani leo. Wachaga na Wapare hutupiana maneno kuhusu fedha na ubahili bila mtu kwenda kulala na donge moyoni. Utani una sheria zake. Unakwenda pande mbili, unajulikana kwa wote waliopo, na mtani hana ruhusa ya kukasirika kwa kuwa ana ruhusa ya kurudisha. Zaidi ya hayo una wajibu ndani yake. Katika misiba ya kwetu, mtani anayeigiza mwendo wa marehemu mbele ya waombolezaji ni mtu yule yule ambaye kwa desturi hushika jembe kuchimba kaburi. Mwenye kukucheka namna hiyo amekwisha kujifunga kukubeba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujiuliza swali dogo: je, mtu huyu anaweza kunirudishia? Kama ni rafiki wa rika lako, mna historia, na jana yeye ndiye aliyekucheka kuhusu viatu vyako, endelea kwa amani. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba maneno yao yawe na neema, "yakikolea munyu", na sioni namna ambavyo chakula kisicho na chumvi kingeweza kuwa utakatifu. Lakini kama mwenzako ni mgeni katika kundi, au mdogo wako kwa umri, au chini yako kwa cheo, au yuko katika jambo lenye aibu ambalo hawezi kulieleza mbele ya watu, basi huo si utani hata kama amecheka. Mlinzi wangu wa besi alicheka kwa sababu kicheko ndicho kilichokuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Pili, usimsingizie Eliya

Kila mwenye ulimi mkali kanisani anaijua 1 Wafalme 18. Manabii 450 wa Baali wamemlilia mungu wao tangu asubuhi hadi adhuhuri juu ya mlima Karmeli, wala hakuna aliyejibu. Eliya anawaambia wapige kelele zaidi, maana huenda mungu huyo anazungumza, au ana shughuli, au yuko safarini, au amelala na anahitaji kuamshwa. Ni kejeli isiyo na shaka, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inaiita kwa jina lake: dhihaka. Isaya 44 ni kali vilevile, pale anapomchora mtu anayekata mti mmoja, nusu yake akaokea mkate na kuota moto, na nusu iliyobaki akaipigia magoti aseme, wewe ndiwe mungu wangu. Bwana mwenyewe aliwaambia viongozi vipofu kwamba wanachuja mbu na kumeza ngamia.

Anayetaka kibali kutoka kwa Eliya hana budi kwanza asimame pale aliposimama. Alikuwa mtu mmoja mbele ya 450. Alichokicheka kilikuwa uongo wenye nguvu, uliolindwa na ikulu, ambamo malkia Yezebeli alikwisha kuwaua manabii wa Bwana. Alisema ana kwa ana na wahusika, mchana kweupe, huku kichwa chake mwenyewe kikiwa rehani. Hakuna mtu aliyeondoka Karmeli akiuliza, "Hivi leo alikuwa anamsema nani?" Mimi nilikuwa katibu mwenye daftari la mahudhurio mkononi, kwaya yote upande wangu, na mtu mmoja aliyechoka mlangoni. Katika picha ile sikuwa Eliya.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ni wa Paulo, kwa kuwa yeye aliitumia kejeli kwa ndugu zake wa kanisani. Katika 1 Wakorintho 4 anawaambia kwamba wamekwisha kushiba, wamekwisha kupata utajiri, wamemiliki hata bila yeye, ilhali mitume wanaonekana takataka za dunia. Ni maneno ya kuunguza. Lakini mistari michache baadaye, katika mstari wa 14, anaweka karata zake mezani: "Siyaandiki hayo ili kuwatahayarisha, bali kuwaonya kama watoto niwapendao." Anafumba na kufumbua katika barua ile ile, chini ya jina lake mwenyewe. Msomaji wa Korintho hakuachwa usiku kucha akijiuliza kama anapendwa.

Hapo ndipo ninapokata shauri langu kuhusu jambo hili zima. Kejeli inayoweza kukaa kinywani mwa Mkristo ni ile tu ambayo msemaji yuko tayari kuifumbua, kwa maneno ya wazi, mbele ya aliyelengwa, na bila kuona haya. Kijembe hakiwezi kufanya hivyo, maana uhai wake wote uko katika kukana.

Wala tusisahau upande wa pili wa kitabu. Waisraeli waliobanwa kati ya bahari na majeshi ya Farao walimuuliza Musa kama Misri ilikuwa imekosa makaburi hata akawaleta wafie jangwani. Askari wa Pilato walisuka taji la miiba, wakapiga magoti, wakasalimu: "Salamu, Mfalme wa Wayahudi!" Heshima ya uongo mbele ya mtu aliyefungwa, na kicheko cha kundi. Nilipoisoma sura ile katika Kwaresima iliyofuata nilifika kwenye salamu hiyo nikaufunga ukurasa kwa muda, kwa sababu niliutambua muundo wa sentensi yangu.

Tatu, fumbua kabla hujasema

Kipimo chenyewe kinachukua sekunde chache. Neno likishafika ulimini, ligeuze kimoyomoyo kuwa lugha ya wazi. "Mgeni rasmi amefika" likifumbuliwa linasema: "Umechelewa dakika hamsini, nimeudhika, na ninataka wote waone kwamba wewe ndiye tatizo." Sasa jiulize kama ungeweza kumwambia mtu yule maneno hayo ya wazi mkiwa wawili.

Kama maneno ya wazi ni ya kweli na yanahitajika, basi yaseme hayo, na uiache kejeli. Mathayo 18:15 imekwisha kukupangia mahali: wewe na yeye mkiwa peke yenu. "Ndugu, nimeona wiki tatu sasa unafika tukiwa katikati ya mazoezi. Kuna jambo?" Sentensi hiyo haichekeshi, nakiri, lakini ina alama ya kuuliza ya kweli mwishoni mwake, na jibu linaweza kuingia. Kama maneno ya wazi yanakutia aibu wewe mwenyewe, maana yake kejeli ilikuwa inabeba kitu ambacho hukutaka kionekane, mara nyingi wivu au uchovu. Nyamaza, kisha ushughulike na hicho. Na kama ukifumbua unakuta hakuna kitu ndani isipokuwa furaha ya kuwa pamoja, basi ni utani, useme.

Mfano bora wa kufumbua ninaoujua uko kisimani, katika Yohana 4. Mwanamke Msamaria anasema hana mume, na Yesu anamjibu kwamba amesema vema, kwa kuwa amekuwa na waume watano, na aliye naye sasa si mume wake. Liweke jibu hilo kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya foleni ya akina mama wenye ndoo, na utaona lingekuwa kijembe cha kumfukuzisha mtu kijijini. Lakini wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Wako wawili tu. Jambo lote limesemwa hadi mwisho, halikurushwa nusu. Mwanamke anaendelea na mazungumzo, anauliza swali la theolojia, kisha anakimbilia mjini kuwaita watu waje wamwone mtu aliyemwambia mambo yote aliyoyatenda.

Nne, ujue mahali penye hatari zaidi

Mahali pa kwanza ni katika sala. Sisi tunaosali kwa sauti hadharani tumegundua kwamba mtu hawezi kukatisha maombi, na tumetumia ugunduzi huo vibaya. "Baba, mguse yule ambaye ahadi yake ya jengo ingali mdomoni tangu mwaka jana." "Bwana, tunawaombea dada zetu walioona leo kuwa ni siku ya maonyesho ya mavazi." Mlengwa amefumba macho, ameinamisha kichwa, na mwisho wa yote anatakiwa aseme Amina juu ya kisu kilichomchoma. Ninaliona hili kuwa baya kuliko kejeli ya kijiweni, kwa sababu linamtumia Mungu kama kipaza sauti. Kanuni yake ni fupi: usimpe Mungu habari ambayo unataka jirani aisikie.

Mimbari iko karibu sana na hapo. Mhubiri anayo haki ya kukemea, na kuna nyakati kejeli ya kinabii dhidi ya unyonyaji au dini ya maonyesho inafaa kabisa. Lakini akiandaa mfano ambao katika usharika mzima unaweza kumfaa mtu mmoja tu, aufute katika mahubiri na avae viatu aende nyumbani kwa mtu huyo. Waumini wana usemi wao, "leo nimehubiriwa", na mara nyingi hawasemi hivyo kwa shukrani.

Nyumbani kuna kisa cha Mikali, binti Sauli, katika 2 Samweli 6. Daudi anarudi kuibariki nyumba yake baada ya kucheza mbele ya sanduku la Bwana, naye anampokea kwa sifa ya kejeli: jinsi gani mfalme alivyojitukuza leo, akijifunua machoni pa vijakazi! Mahubiri mengi humlaumu Mikali peke yake. Ninaomba msomaji alitazame pia jibu la Daudi, linaloanza kwa kumkumbusha kwamba Mungu alimchagua yeye badala ya baba yake. Nalo ni kijembe, tena katika kidonda cha yatima aliyefiwa na baba na ndugu vitani. Baada ya hapo Maandiko hayatuonyeshi tena wawili hao wakizungumza. Mume anayeambiwa, "Kumbe leo umekumbuka kwamba una nyumba," afanye juhudi asijibu kwa habari za wakwe.

Kwa watoto wadogo, iache kabisa. Niliwahi kumwona mtoto wa miaka minne akimwaga maji sebuleni, mama yake akamwambia, "Endelea, mwaga yote!" Mtoto akamwaga yote kwa utii kamili, akachapwa.

Kuhusu simu nitasema machache. Ujumbe wa saa 24 unaowekwa WhatsApp kwa ajili ya mtu mmoja, ukiwa umevikwa mstari wa Biblia, ni kijembe kilichovaa kanzu. Kama neno ni la mtu mmoja, mtumie huyo mmoja.

Tano, angalia tabia iliyo nyuma ya neno

Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye "hakuketi barazani pa wenye mizaha". Kila aliyekulia pwani au mjini anaijua baraza hiyo: kila apitaye ana jina la kubandikwa, na anayeondoka mapema anajua kwamba zamu yake imefika. Zaburi inaanza na kwenda, ikafuata kusimama, ndipo kuketi. Mtu haamki siku moja akawa mwenye kudhihaki. Huzoea mahali pa kukaa.

Ili kuijua baraza yako mwenyewe, beba kijidaftari kwa siku saba na uandike kila kejeli uliyoitoa: ulimwambia nani, saa ngapi, mbele ya nani. Mimi nilifanya hivyo baada ya kisa cha kwaya. Kwenye orodha yangu alikuwamo binti wa kazi, kondakta wa daladala, fundi aliyechelewesha suruali, na mdogo wangu anayetafuta ajira. Meneja wangu, ambaye kwa hakika ndiye aliyeniudhi zaidi wiki ile, hakuwamo hata mara moja. Nilikuwa najiita mtu mkweli asiyeogopa kusema. Daftari lilionyesha kwamba ujasiri wangu ulikuwa unachagua watu wa kutokea.

Sita, ukirushiwa wewe

Filipo alipomwambia Nathanaeli kwamba wamemwona Yesu wa Nazareti, alijibiwa kwa kejeli ya watu wa mji jirani: laweza neno jema kutoka Nazareti? Filipo hakutetea Nazareti wala hakuitukana Kana, kwao Nathanaeli. Alisema, "Njoo uone." Na Yesu alipomwona mdhihaki huyo akija, alimsifu kuwa Mwisraeli asiye na hila, na safari hii sifa ilikuwa sifa kweli.

Nawe ukipigwa kijembe, kifumbue wewe kwa upole: "Kaka, sijakuelewa vizuri. Una jambo na mimi?" Lisemwe kwa sauti ya kawaida, ikiwezekana pembeni, na bila tabasamu la kulipiza. Mara nyingi mwenzako atasema hakuna kitu, na hapo mambo yaishe. Mara chache atasema lililomsumbua, na mtakuwa mmetoka kwenye mafumbo. Usiwe pia mtu wa kukwaruzika kwa kila neno. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na mengine mwerevu huyagangua kisha akayaacha yapite.

Saba, ukishachoma

Mithali 26 inamfananisha amdanganyaye mwenzake kisha akasema, "Je! Sikufanya mzaha tu?" na mwenye wazimu arushaye mienge na mishale. Kwa hiyo maneno "nilikuwa natania" yasiwemo katika kuomba radhi, wala "kama nimekukwaza", kwa maana unajua umemkwaza. Ndiyo sababu umekuja. Taja neno ulilosema kama lilivyokuwa, sema lilimaanisha nini, kisha nyamaza umsikilize. Lililosemwa mbele ya watu lirudishwe mbele ya watu, lakini mwulize kwanza, kwa sababu wengine wangependa jambo lisiguswe tena hadharani, na hiyo ni haki yao.

Mimi niliuliza. Alifikiri kidogo, akasema niseme, ila nisitaje kazi yake. Jumamosi iliyofuata nilisimama nikawaambia wanakwaya kwamba nilimfanyia ndugu yetu dhihaka bila kumwuliza kilichomchelewesha, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba wao walicheka kwa sababu niliwaalika kucheka. Mmoja wa soprano akauliza kama basi muda wa mazoezi usingeweza kusogezwa. Sasa tunaanza saa kumi na moja. Alirudi baada ya Pasaka, na bado anaketi kiti cha karibu na mlango.